Kuna Anayekohoa Humu?

Kibuyuni,
24 Januari 2025

Mdogo wangu Abdulwahab,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu, na Salimu mpenda uji umwambie shangazi amefika. Safari ilikuwa njema. Nyumba nimeikuta imesimama, na mwanangu Ummi ameifagia mpaka nikaogopa kukanyaga. Kamba zangu za mwani mbili zimekatwa na mawimbi, lakini wenzangu waliniangalizia zilizobaki, Mungu awape kheri. Bamvu lijalo, maji yakitoka sana, nitateremka nao kuvuna.

Habari kubwa ni hii. Watu wa Amin walikuja Jumapili, wakaleta posa ya Ummi kwa adabu zao zote, na sisi tumepokea. Harusi inshallah ni baada ya Idd. Ummi anajifanya hana habari, lakini juzi ametia chumvi kwenye chai, nikainywa hivyo hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Mama yake Amin unamjua, ni Bi Dama, mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayezunguka mlango kwa mlango na kizibao chake cha bluu akiuliza homa, vyandarua na vifua vya watu. Sista Kavumbi wa hapo kliniki kwenu alinisisitiza nikifika nihamishie matibabu kwenye dispensari ya huku. Ni sawa kwake yeye kusema. Nikihamia huku, atakayetumwa nyumbani kwangu kuangalia kama nimemeza dawa ni Bi Dama. Abdulwahab, yule ni mkwe mwenzangu. Mbele yake hata kutafuna natafuna kwa kujificha. Leo nikamwambie nina kifua kikuu? Nani anayekwenda kuoa kwenye nyumba ya kifua kikuu?

Juzi amepita. "Hodi, mkwe. Kuna anayekohoa humu?" Nikamjibu nyuma ya pazia, "Hakuna, mkwe, sote wazima." Nikaibana pumzi mpaka alipopinda kona ya msikiti, ndipo nikakohoa.

Kwa hiyo tufanye tulivyopatana. Wewe nichukulie dawa kwa Sista, zitie kwenye mkebe wa maziwa ya unga, umpe Chome dereva anapopakia pale Kona ya Musa. Barua utie humo humo. Simu usipige kwa mambo haya. Simu yangu anashinda nayo Ummi, na spika yake imeharibika, haisikiki mpaka ipazwe nyumba nzima isikie.

Dada yako,
Twaiba


Ukunda,
9 Februari 2025

Dada Twaiba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Hotelini wageni wamejaa, na sisi wa dobi tunafua mashuka mpaka mikono imechakaa kama ya bibi kizee. Wifi yako anakusalimu sana, anasema tangu uondoke hakuna wa kumsema akizidisha nazi. Salimu ameanza shule, na kila jioni anatufundisha sisi alichofundishwa asubuhi. Hongera kwa posa. Mwambie Ummi mjomba amefurahi mpaka ameyapigia makofi mashuka.

Dawa zimo mkebeni. Lakini dada, safari hii hazikutoka kwa urahisi. Sista Kavumbi alikuulizia wewe. Nikamwambia uko matangani. Akaniangalia, akaniambia, "Dawa zinaweza kusafiri, kaka. Lakini mimi siwezi kumpima mtu uzito kwa barua." Anataka kujua kama unanenepa, kama jasho la usiku limekwisha, kama makohozi yamepungua. Nikasema ndiyo kwa yote. Sijui kama ni ndiyo.

Nakuuliza basi. Ni ndiyo?

Dispensari iko hatua chache kutoka kwako. Hapa mimi ninasema uongo kwa mtu ambaye ananitakia mema, na uso wangu haujazoea. Lifikirie.

Mdogo wako,
Abdulwahab


Kibuyuni,
8 Machi 2025

Mdogo wangu,

Ramadhani karimu kwenu nyote. Mungu atujaalie tuimalize na afya. Mkebe wa mwezi uliopita ulifika, na Chome namsifu, hakuufungua ingawa aliniuliza mara mbili kwa nini maziwa ya Ukunda ni matamu kuliko ya huku.

Mfungo huu nyumba yangu haina nafasi. Bi Dama ameamua, kwa kuwa tunakwenda kuwa watu wamoja, kila jioni analeta futari tufuturu pamoja, yeye na binti zake. Vitumbua vyake, sitaki kumsema, lakini ni vizuri kuliko vyangu. Daku nakula na Ummi na binamu zake waliokuja kumfunda. Watu hawapungui. Hata kujikuna nakosa pahala.

Nimeuza mwani mkavu kidogo. Nimekuwekea sabuni zetu za mwani, umpe wifi, ngozi yake itashukuru.

Usilete dawa mwezi huu. Nilizo nazo bado ni nyingi.

Twaiba


Ukunda,
18 Machi 2025

Dada Twaiba,

Shikamoo, na saumu njema. Sabuni zimefika, wifi yako hataki mwingine azishike.

Dada, dawa zitakuwaje nyingi? Mimi ndiye ninayezichukua. Nilizokutumia Februari zilikuwa za kuishia sasa hivi. Kama zimebaki nyingi, basi haziingii tumboni.

Nilipiga simu Jumamosi. Najua ulinikataza. Ameipokea Ummi, nyuma yake nikasikia kicheko cha wanawake na vyombo, akasema, "Mama yuko na mkwe wake, wanafuturu." Nikasema nilitaka kuwasalimu tu. Kisha nikakusikia unakohoa. Kikohozi kile nilikilalia ukuta mmoja mwezi mzima, sikisahau.

Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hilo unalijua wewe kabla yangu. Na kama hutaki kula mchana, zimeze daku au baada ya futari. Sista Kavumbi hataki tena kunipa mimi. Anasema hatoi kidonge kingine mpaka akuone, au dispensari ya huko impigie simu kusema imekupokea. Anauliza kila wiki. Nimeanza kupita njia ya nyuma ya soko ili tusikutane.

Nakuomba.

Abdulwahab


Kibuyuni,
27 Machi 2025

Abdulwahab,

Nikila mchana wataniuliza naumwa nini. Nikimeza daku wataniuliza nameza nini. Nimeziweka tu mpaka Idd. Baada ya harusi nitameza mpaka zinitokee puani.

Kikohozi ulichosikia ni cha moshi wa jikoni. Usinisomee tena maneno ya Sista Kavumbi. Wasalimie.

Twaiba


Ukunda,
20 Aprili 2025

Dada yangu Twaiba,

Shikamoo. Leo nimerudi kutoka hospitali kukuona, na nakuandikia yale ambayo pale kitandani sikuweza kuyasema, kwa sababu Ummi alikuwa amekaa miguuni pako. Barua hii ataileta wifi yako mkononi, si Chome.

Kwanza nyumbani ni wazima. Kazini wamenipa ruhusa, nitakuja tena Alhamisi.

Nilipokuona na ile mirija, dada, nilitoka nje nikasimama kwenye mti wa watu wanaosubiri, nikalia kama mtoto. Tangu marehemu mama sijalia hivyo. Ulivyoanguka ufukweni na kamba ya mwani mkononi, na damu ile, wenzako walidhani umekufa. Nasema wazi ili ujue. Mimi nilidhani hivyo hivyo njia nzima.

Daktari alinishika bega koridoni. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Kitanda hiki dada yako hakukihitaji. Ugonjwa huu mtu hutibiwa akiwa kwake, anakwenda zake shughulini. Yeye alihitaji mtu mmoja wa karibu wa kumuuliza hali, basi." Nikamwambia mtu huyo yupo, nyumba ya nne kutoka kwake. Akanitazama asielewe, na mimi sikuweza kumweleza mambo ya wakwe.

Kuna jambo nililokuficha. Ulipoondoka kwangu Januari, Sista Kavumbi alitupima sote nyumbani. Mimi na wifi yako tulikuwa salama. Salimu pia alikuwa salama, lakini kwa kuwa ni mdogo na alikuwa halali mpaka akulalie wewe, alipewa dawa za kinga. Amezimeza zote, amemaliza, hana neno. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungeubeba mzigo huo na kuongeza juu ya wako. Sasa nakwambia kwa sababu ya Ummi.

Alipokuwa anakuchana nywele leo, alikohoa. Mara tatu, nne. Mimi nilisikia. Wewe pia ulisikia, dada, maana uligeuza uso ukutani.

Yeye anajua ni nimonia tu. Anawaambia watu nimonia. Anakwenda kuolewa akiwa na kikohozi na neno nimonia.

Sitasema zaidi ya hapo. Mwenye nyumba ni wewe.

Abdulwahab


Kibuyuni,
4 Mei 2025

Mdogo wangu Abdulwahab,

Marahaba, na salamu zote zilizobaki deni nakurudishia. Nimetoka hospitali, niko kwangu, nakula, na leo nimetoka nje mwenyewe mpaka kwenye chanja la kuanikia mwani. Mwani wangu wote umeoza majini. Si kitu, utapandwa mwingine.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Sikuweza mara ya pili. Ulipoandika habari ya Salimu nilitaka kukukasirikia, nikakosa pa kuanzia. Mungu amkuze.

Sasa kaa nikusimulie. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa wodini aliniuliza dispensari iliyo karibu nami ni ipi. Safari hii sikudanganya. Akapiga simu mbele yangu. Wale wa dispensari wakasema sawa, tumempokea, na mhudumu wa nyumba zile ni Bi Dama, tutamwarifu leo. Nikamshika muuguzi mkono. Nikamwambia, mama, nipe siku mbili nimwambie kwa mdomo wangu. Akawaomba, wakakubali.

Wakati wote nilipolazwa Bi Dama hakuja kunitazama. Kila siku alituma uji kwa Amin, mzuri, wa mtama, lakini mwenyewe hakukanyaga. Alimwambia Ummi haifai mkwe kumkuta mkwe amelala kitandani na nguo za hospitali. Namshukuru kwa hilo, alinihifadhi.

Kesho yake baada ya kuruhusiwa, akabisha. Nilimjua kwa hodi yake. "Hodi, mkwe. Pole na maradhi. Kuna anayekohoa humu?" Nadhani aliuliza kwa mazoea tu ya kazi. Nikafungua pazia, uso kwa uso. Nikamwambia, "Yupo. Ni mimi, na ni kifua kikuu, na ni tangu mwaka jana."

Abdulwahab, nilitamani ardhi inimeze. Alisimama pale mlangoni, na mimi nikatazama miguu yake. Kisha akavua kile kizibao, akakikunja, akakiweka kwenye mkeka. Akasema, "Sasa nasema kama mkwe. Tangu tuposane nabisha mlango huu nakuuliza, na wewe unanijibu hakuna. Nimekaa na wewe Ramadhani nzima, sahani moja, binti zangu kulia na kushoto kwako. Ulinionaje mimi, Twaiba? Mtu wa kukutangaza sokoni?" Aliniita jina tupu, bila mkwe. Nililia, na yeye akaniacha nilie.

Kisha akakivaa kizibao tena, akafungua mkoba wake, na sauti ikawa nyingine kabisa. Nani analala humu? Nani anakohoa? Ummi yuko wapi? Ummi alikuwa nyuma ya mlango wa ndani, amesikia kila kitu. Akatoka. Na Bi Dama, mamamkwe wake, akampa kikopo cha makohozi, akampeleka uani palipo na upepo, akamwelekeza avute pumzi vipi na akohoe kutoka chini, akasimama pembeni akimshika mgongo. Mimi hapo nilifunika uso kwa leso.

Majibu yametoka. Ummi hana. Kikohozi kilikuwa cha mafua. Amepewa dawa za kinga kama Salimu, na Bi Dama na binti zake nao wamepimwa, hawana, alhamdulillahi. Mimi nimeanza dawa upya, tangu mwanzo. Kila asubuhi anakuja, ananiona nimemeza, ananiuliza, anakwenda zake. Mambo mengine hatuzungumzi.

Ndiyo, na hili. Siku ya majibu alisema mbele ya Ummi, "Harusi isimame." Sikumuuliza mpaka lini. Sikuwa na uso wa kuuliza. Ummi hali vizuri. Hajanilaumu hata neno moja, na ndilo linaloniua.

Dada yako,
Twaiba


Ukunda,
11 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kwa habari za Ummi, nimeisoma sehemu hiyo kwa sauti na wifi yako amelia.

Lakini hili la harusi limenichoma. Isimame maana yake nini? Mtu akitaka kuvunja avunje, asiwaweke watu roho juu. Nitakuja Jumamosi nikae na wazee wao niwaulize. Mimi ni mjomba wake, nina haki ya kuuliza. Mtoto amefanya kosa gani? Kuugua kwa mama yake ni aibu? Na kama ni aibu, huyo si ndiye anayepita nyumba za watu akiwaambia si aibu?

Sema neno moja tu, nakuja.

Abdulwahab

Wifi yako ameongeza: asije, dada, mzuie, ameshapiga pasi kanzu.


Kibuyuni,
2 Novemba 2025

Mdogo wangu Abdulwahab,

Salaam aleikum wewe na wa nyumbani mwako wote. Mvua zimeanza huku, vuli njema, chanja limelowa na mwani tunauanika kwa kuvizia jua. Kilo za mwezi huu ni nzuri. Nimenenepa, kanga zangu za zamani zinanikaa tena kiunoni, na wenzangu wananitania wananiita bi harusi.

Nilikuzuia Mei kwa maneno mawili, "Usije, nakuomba," na miezi yote hii tumeandikiana habari za mvua na shule ya Salimu, wewe huulizi na mimi sisemi. Ahsante kwa kutouliza. Najua ilikuwa kazi, maana wewe tangu utoto mdomo wako hauna kufuli.

Dawa nimemaliza. Jumatano ya juzi walinipima makohozi mara ya mwisho pale dispensari, hakuna kitu. Aliyenipigia simu kunipa hongera unamjua? Sista Kavumbi. Kumbe dispensari ilimwarifu tangu mwezi wa tano kwamba wamenipokea. Ameniambia nikuambie usipite tena nyuma ya soko, alikuona.

Asubuhi baada ya majibu nilikaa nikimngoja Bi Dama, kwa mazoea tu, ingawa hakuna cha kumeza. Saa yake ikapita. Nikasema moyoni, haya, kazi yake kwangu imekwisha, na mengine nayo yamekwisha. Nimekuwa mgonjwa wake miezi yote hii, ukwe ulikufa mlangoni. Nikaanza kusuka kamba.

Alikuja alasiri. Na mume wake, na Amin, na shemeji zake wawili wamevaa kanzu. Nikatafuta leso ya kujifunika, sikuiona, nikajifunika ya Ummi. Wakakaa. Bi Dama akasema, "Mkwe, tumekuja kuuliza siku."

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza mbele ya watu, jambo ambalo si adabu, "Mkwe, si ulisimamisha? Mimi nilijua umemkataa mwanangu kwa ajili ya maradhi yangu."

Alishangaa kweli, nilimwona. Akasema, "Nimkatae mtoto niliyemshika mgongo? Nilisimamisha kwa sababu yako wewe. Ramadhani uliacha dawa kwa ajili ya vitumbua vyangu. Je, harusi? Nyumba ijae wageni siku saba, wewe usimamie masufuria, ukeshe, utabasamu, umeze saa ngapi? Ungeziacha tena, na safari hiyo tungekuzika. Amin alinigombeza, hakusema na mimi wiki nzima. Nikamwambia, mwanangu, mke utampata. Lakini mamake akifa kwa harusi yenu, Ummi atakuangalia maisha yake yote akikumbuka hilo."

Ummi alikuwa nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Nikamsikia anapenga kamasi.

Miezi yote hiyo, Abdulwahab, anakuja kila asubuhi na mimi nameza nikidhani namezea hukumu. Wala hakujua kwamba sijui. Yeye alidhani nimeelewa, na mimi kwa kumwogopa sikumuuliza.

Nimewajibu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Njooni Jumatano mlale, wifi nimemwekea vitumbua avipike yeye, mimi nimepigwa marufuku kusogelea moshi. Aliyenipiga marufuku ni mkwe, na nimemtii.

Dada yako mzima,
Twaiba